Karatasi ya Mlangoni

Katika mtaa wetu wa Ng'ambo, mjini Unguja, uko msikiti mdogo ambao ukuta wake wa kulia, unapoingia, una alama nne za gundi mahali palipobandikwa karatasi mwaka 2016. Ukuta umepakwa chokaa mara mbili tangu siku hizo, na kila mara alama zile hujitokeza tena mvua za masika zikishapita. Nami kila nivuapo viatu pale, jicho langu huenda huko kabla ya moyo kunuia. Sababu yake sijapata kumwambia mtu. Karatasi ile ilikuwa yangu. Jina langu halikuwamo wala mhuri haukuwa wangu, lakini kila neno lililokuwamo nililiweka mimi, usiku mmoja, kwa mwanga wa kandili, kwani umeme ulikuwa umekatika.

Wasomaji wa kurasa hizi wanaonifahamu, wananifahamu kwa mashairi, na wachache kwa tafsiri. Skuli niliikomea Kidato cha Pili. Kiingereza nilijifundisha ghalani, bandarini, nikihesabu magunia mchana na kusoma usiku vitabu vilivyoachwa na wageni, huku kamusi nimeiweka pajani. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ila moja ambayo wenye vyeti hawana: hapendi kuuliza. Akikwama, hujikwamua peke yake, na akikosea hukosea peke yake, na hakuna wa kumgutua. Ila hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, baada ya miaka yote hii.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia Unguja tangu mwezi wa Septemba 2015. Kilizubaa, kikaenda, kikarudi, na masika ya mwaka uliofuata yalipofika, maji ya mvua yakachanganyika na ya vyooni na ya visimani, kikatambaa mitaani kwa nguvu mpya. Mpaka kilipokwisha kilikuwa kimewapata watu zaidi ya elfu nne katika visiwa vyetu. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ikafunga skuli, na ikapiga marufuku uuzaji wa vyakula na vinywaji mahali pa wazi. Gari la matangazo likapita mitaani asubuhi na alasiri. Wauza sharubati ya ukwaju na juisi ya miwa wakafunika mashine zao kwa maturubali. Darajani pakawa kimya saa ya magharibi, jambo ambalo sikuwahi kuliona hata wakati wa siasa za moto.

Katika siku hizo ndipo alipokuja kwangu kijana wa ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, akiwa na karatasi mbili za Kiingereza. Alitaka ziwe za Kiswahili kufikia asubuhi, na zisizidi ukurasa mmoja wa pande mbili, ili zipate kubandikwa misikitini, maskulini na kwa masheha. Ujira ulikuwa mdogo, nami niliupokea bila ya kusita, maana mshairi hachagui.

Kiingereza cha karatasi zile kilikuwa baridi mfano wa sakafu ya hospitali. Sentensi zake hazikuwa na mtu ndani yake. Chakula kisiuzwe, maji yatiwe dawa, mikono ioshwe. Nani auzaye, nani atiaye, nani aoshaye, haikusemwa. Kiswahili nacho chaweza kusema hivyo, lakini sikio la mtu wa pwani likisikia amri isiyoonyesha uso wa mwenye kuamrisha, huuliza kwanza: anasema na nani huyu? Nikaona bora nikaze. Kila palipokuwa na shauri la upole nikaweka neno marufuku. Ni neno zuri lile kwa mwenye kuandika. Lajaza kinywa, lafupisha sentensi, na laonyesha kuwa aliyeandika ni mtu wa serikali. Kisha nikafika penye neno la uchafu utokao tumboni mwa mwanadamu. Wenyewe tunazo njia nyingi za kulizunguka: tuna haja kubwa, tuna choo, tuna kwenda msalani. Mimi nikaandika kinyesi, tena mara tatu katika upande mmoja, nikijiambia kwamba ugonjwa huu hauna tafsida. Hata leo naamini hivyo, ila si kwa nguvu zile. Karibu na alfajiri nafasi ilikuwa imeniishia na bado upande wa pili una mambo. Nikakata hapa, nikabana pale, nikalala.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, niliikuta kazi yangu imebandikwa, na watu wameizunguka.

Kilichowaudhi kwanza hakikuwa sheria. Lilikuwa lile neno. Mzee mmoja, mtu mpole, muadhini wa zamani, alisimama akaisoma mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba katika umri wake wote hajaona maneno kama hayo kwenye ukuta wa nyumba ya Mungu. Vijana wakacheka. Mwengine akasema, "Kwa hiyo tunaambiwa kwamba tunakula mavi." Ndivyo alivyosema, bila ya kuzunguka, na kwa kweli alikuwa ameisoma sawasawa; ndiyo maana ya ugonjwa ule. Kimelea chake hutoka katika choo cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mzima, kwa maji au kwa chakula au kwa mkono, na baina ya saa chache na siku tano mtu huanza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, mwili ukakauka, na misuli ikamkaza. Neno lenyewe kipindupindu lina kupindua ndani yake. Lakini yapo mambo ambayo mtu huyakubali akiambiwa na nduguye kitandani, na huyakataa akiambiwa na ukuta.

Jioni ile, kwenye baraza ya kahawa, mabishano yakawa makali. Wapo waliosema kwamba haya ni maonevu ya watu wa Ng'ambo, kwani hoteli zenye kuta na milango zinaendelea kuuza. Wapo waliosema kwamba ugonjwa huu ni wa kigeni na kwamba wazee wetu hawakuujua. Hapo sikuweza kunyamaza, nikawaeleza habari za daktari James Christie, aliyekuwa tabibu hapa Unguja, ambaye kitabu chake juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki kilitoka London mwaka 1876. Yeye aliushuhudia mlipuko wa miaka ya 1869 na 1870, na akaufuata nyuma kama mwindaji afuatavyo nyayo: akagundua kwamba safari ile maradhi hayakuja na jahazi, bali yalipita bara, nchi ya Wamasai, yakateremka Pangani, ndipo yakavuka bahari kuja kwetu, na kutoka hapa yakaendelea kwa vyombo mpaka Kilwa na kwengineko kusini. Na kabla ya hapo yalikwishafika zaidi ya mara moja katika karne ileile. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliyewahi kukaa Bombay kwa kuhamishwa, ndiye aliyevuta maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu hadi mjini kwa mifereji. Kwa hiyo, nikasema, mjadala wa nani anywe maji gani ni wa zamani kuliko msikiti huu.

"Na mifereji hiyo ilifika Ng'ambo?" akaniuliza muuza kahawa.

Sikuwa na jibu la kumpa. Kahawa yake mwenyewe siku ile alikuwa akiiuza kwa kificho, buli limefunikwa kwa kanga, nasi sote pale tulikuwa tukivunja sheria tuliyokuwa tukiijadili.

Mimi mwenyewe nayakumbuka ya mwaka 1978. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Kipindupindu kilikipiga kijiji cha wavuvi, wakafa watu wengi kwa muda mfupi, na hofu ikafika mpaka mjini. Ninachokumbuka ni jambo dogo: mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, aliyenilea, alinikataza kunywa maji madrasa, akanifungia chupa ya maji yaliyochemshwa, yenye harufu ya moshi wa kuni. Wenzangu walinicheka. Nikawa nayamwaga njiani na kunywa ya mtungi pamoja nao.

Kuna mabishano ambayo ningeyakosa kwa furaha, na kuna ambayo nisingeyakosa kwa fedha. La birika lilikuwa la namna ya pili. Msikiti wetu ulikuwa bado una birika lake la zamani, watu wanatawadha kwa kuteka na kata. Mabwana afya walikuja na dawa ya klorini wakataka itiwe mle, au birika lifungwe. Kikao kikakaa baina ya magharibi na isha. Wenye kupinga walikuwa na hoja, nami sipendi kuwadharau. Maji ya udhu sharti yawe maji mutlaki, yaliyobaki na jina lake la maji bila ya kifungu. Yakichanganyika na kitu, hata kitu kisafi, yakabadilika ladha au rangi au harufu mpaka yakapoteza jina lile, basi yatafaa kufulia nguo lakini hayatafaa kutawadhia. Klorini ina harufu. Je, haya bado ni maji, au yamekuwa dawa?

Maalim wetu mzee, Mungu amrehemu, alisikiliza mpaka wote wakachoka. Kisha akauliza birika lile lachukua maji kiasi gani. Wakamwambia kwamba kwa siku hizo za uhaba, hujazwa ndoo kumi, pengine na pungufu. Akasema, "Basi hayafiki kulatein." Wenye kusoma fikihi waliinamisha vichwa, kwani waliona anakokwenda. Katika madhehebu yetu, maji machache yasiyofika kiwango hicho hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu, hata kama hayakugeuka rangi wala harufu. "Mnaogopa dawa isiyaharibu maji," akasema. "Hamuogopi kile ambacho pengine kimekwishaingia? Harufu ndogo haiondoi jina. Maji ya mfereji mnayotawadhia mjini nayo yana harufu hiyohiyo, na sijasikia mtu akizirudia sala zake." Dawa ikatiwa usiku uleule. Nami nikarudi nyumbani nikiwa na wivu. Karatasi yangu ilikuwa na amri kumi na mbili na haikumshawishi mtu. Mzee yule alitumia kipimo ambacho kila mmoja pale alikijua tangu utotoni.

Sasa nije kwa mama mdogo.

Yeye aliuza urojo mbele ya nyumba, kila siku baada ya alasiri, kwa muda uliokaribia miaka thelathini. Msomaji wa kisiwani hana haja ya kuelezwa urojo ni nini, lakini huenda yuko wa mbali: ni mchuzi mzito wa njano wenye ukali wa embe mbichi au ndimu, ndani yake mkawa na mbatata, bajia, kachori, chatne ya nazi na pilipili, na vitu vyengine kwa kadiri ya mkono wa mpishi na mfuko wa mnunuzi. Kwa urojo huo nililelewa. Kwa urojo huo nilinunuliwa kamusi yangu ya kwanza, fedha zake zikinuka bizari. Mama mdogo hasomi herufi za kizungu. Herufi za Kiarabu anazisoma vizuri, na barua zake za Kiswahili huziandika kwa hizo, kama walivyoandika bibi zake.

Gari la matangazo lilipopita alikuwa anakaanga bajia. Aliniita, akanipa ile karatasi, ambayo mjumbe wa sheha alimletea mkononi, akaniambia, "Nisomee, mwanangu."

Nikamsomea. Nilipofika penye yale maneno yangu, ulimi ukawa mzito. Nikasema uchafu wa chooni badala ya kile nilichoandika. Pale penye marufuku nikasema inaombwa. Nilikuwa nikitafsiri mara ya pili, kutoka Kiswahili changu cha ukutani kwenda Kiswahili changu cha nyumbani, na nilijua, hali naendelea kusoma, kwamba hii ya pili ndiyo iliyokuwa bora. Alinisikiliza hali ameshika mwiko. Kisha akauliza, "Maneno haya kayatunga nani?"

Nikasema kwamba yametoka ofisini.

"Aliyeyatunga hajapata kupika," akasema. "Chungu changu kinatokota tangu alasiri mpaka isha. Mdudu gani anayeishi mle? Kama ni chatne, sawa, chatne ni mbichi. Kama ni barafu ya ukwaju, sawa. Kama ni vibakuli vinavyosuuzwa katika ndoo moja, sawa kabisa, hilo hata mimi linanikera. Mbona hakusema hivyo? Kasema usiuze. Mtu anayejua angesema: wewe bibi, chatne acha, vibakuli chemsha, mchuzi uza."

Sijapata kuona uhakiki wa tafsiri uliokuwa wa haki kuliko huo. Ni kweli kwamba amri ilitoka juu, nisingeweza mimi kuigeuza. Mtu mwenye dhamana ya kisiwa kizima hawezi kuhesabu chungu kimoja kimoja, na penye moto huvunjwa hata ukuta mzima. Nalitambua hilo, na bado naona kwamba serikali ilifanya ilivyopaswa. Lakini karatasi ile ilikuwa na nafasi ya kueleza kwa nini, nami nafasi hiyo niliijaza marufuku.

Alifunga. Siku nane alikaa barazani mikono mitupu, na Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa inakuja mwanzoni mwa Juni, mwezi ambao humpa fedha za nusu mwaka. Siku ya tisa nikaona wateja wa zamani wanaingia uchochoroni na kutoka na vikopo vyenye vifuniko. Nikajua. Sikumkataza, wala sikumwambia lile ambalo ningepaswa kumwambia, kwamba afanye kama alivyosema mwenyewe: chatne aache, vibakuli achemshe. Nilikuwa naona haya. Mtu aliyeandika marufuku atatoaje shauri?

Miongoni mwa wateja hao wa uchochoroni alikuwamo jirani yetu, fundi wa kofia, mzee mkimya, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akila urojo wa mama mdogo kila Jumatatu na Alhamisi anapofungulia saumu ya sunna. Alianza kuumwa usiku wa Jumamosi. Watoto wake walimpa maji ya sukari na chumvi, vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja, kipimo ambacho karatasi yangu ilikitaja sawasawa, na hilo nalisema kwa kuwa nahitaji lolote la kujitetea. Lakini walikuwa wamechelewa, wakiona haya kumpeleka kambini watu wakaona. Alifariki kabla ya alfajiri.

Mabwana afya walifika asubuhi, watu watatu, wamevaa mabuti na glavu, mmoja kabeba bomba la dawa mgongoni. Mlangoni walisimama watoto wa marehemu na wazee wa mtaa. Mwanawe mkubwa alikuwa ameshika ile karatasi. Alikuwa ameibandua msikitini. Ndiyo sababu gundi ilibaki. Aliinyoosha mbele ya uso wa yule bwana afya na kusema, "Imeandikwa hapa: ni marufuku kuosha maiti. Baba yangu hazikwi bila ya josho. Mkitaka, tuzikeni sote."

Naliona jambo lile kama lililotokea leo. Bwana afya alikuwa kijana, mtu wa Pemba kwa lafudhi yake, naye alishangaa waziwazi. Akasema, "Nani kawaambia hamuoshi? Mtaosha. Ila waoshe watu wawili tu, wavae glavu, maji yatiwe klorini, na sisi tuwepo. Ndivyo ilivyo tangu mwanzo." Akaichukua karatasi akaisoma. Akarudia kuisoma.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma, na katika sekunde zile nilikumbuka kila kitu. Sentensi ya Kiingereza ilikuwa ndefu, mistari minne. Ilianza kwa kukataza jamaa wasioshe maiti, kisha ikasema isipokuwa, na baada ya isipokuwa ndiyo ikaja ruhusa yote: waoshaji waliofundishwa, glavu, dawa katika maji, pamba iliyochovywa dawa kuziba matundu ya mwili. Pamba, ambayo sisi tumeitumia tangu enzi za mababu zetu bila ya kufundishwa na mtu. Ilikuwa karibu na alfajiri, nafasi imekwisha. Nikaacha nusu ya kwanza, nikakata ya pili. Nilidhani kwamba la muhimu ni katazo.

Watu walikuwa wakipigiana kelele. Kuna aliyekwishaokota jiwe. Ilibidi mtu aseme kitu, na sheha akanigeukia mimi, kwa kuwa nasoma lugha zote mbili, akaniuliza kama karatasi ya asili inasemaje. Nikasema kwamba asili inaruhusu. Nikasema, "Karatasi imekosewa." Nilisema imekosewa. Kiswahili kina kauli ya kutendwa yenye huruma kubwa kwa mkosaji.

Marehemu alioshwa. Walioshwa watu glavu, wakatiwa dawa kwenye ndoo, na yule kijana wa Pemba alisimama mlangoni kwa adabu, kichwa kimeinama, akisoma dua pamoja nao. Lilitokea jambo moja zaidi lililoleta ubishi: ufuo, lile shimo linalochimbwa chini ya kitanda cha kuoshea ili lipokee maji ya josho, desturi yetu ilikuwa kulichimba uani, na kisima cha nyumba ile kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka hapo. Maji yale ndiyo yenye maradhi yote. Bwana afya akaomba lichimbwe upande wa barabara, mbali na kisima, na litiwe dawa kabla ya kufukiwa. Mkongwe mmoja akanung'unika kwamba maiti haoshwi kando ya njia. Wakazungusha mikeka na shuka kuwa ukuta, na ikawa. Khitima ilisomwa bila ya chakula, na watu walitawanyika wakiwa na njaa na kinyongo, lakini hakuna nyumba iliyopata mgonjwa baada ya maziko yale.

Usiku ule sikulala. Nilitaka kwenda kwa mwana wa marehemu kumwambia. Badala yake nikafanya kile ambacho mshairi hukifanya anapokosa ushujaa, nikatunga. Zilikuwa beti tisa, nyepesi, za kusomwa na watoto, nakumbuka mbili:

Maji uyachemshapo
subiri yavume hapo
na mkono uoshapo
sabuni itangulie.

Na maiti aoshwapo
dawa ya maji iwepo
na ufuo uchimbwapo
kisima usifikie.

Nilimpelekea maalim bila ya kumwambia sababu. Akawafundisha watoto wa madrasa, na kwa wiki mbili tatu ziliimbwa mtaani hata na wanaoruka kamba. Watu walinisifu. Ilisemwa barazani kwamba hivi ndivyo inavyotakiwa kusemwa na watu, si kama ule upuuzi uliokuwa ukutani. Nikaitikia kwa kichwa.

Mama mdogo naye hakulala siku nyingi. Hakuna aliyemshitaki kwa ulimi. Lakini mtaa una namna zake: mwanamke mmoja aliyezoea kupita mbele ya nyumba yetu akawa anazungukia njia ya pili, na mtoto aliyetumwa kurudisha bakuli aliliacha kizingitini bila ya kubisha hodi. Mabwana afya walichukua maji ya kisima cha fundi wa kofia kwenda kuyapima, na majibu hayakurejeshwa mtaani. Nilimwambia mama mdogo kwamba kuna uwezekano mkubwa ilikuwa ni kisima, kwa kuwa choo cha nyumba ile kilikuwa karibu nacho na mvua zilikuwa kubwa. Akanitazama. "Uwezekano," akasema, kama mtu anayeonja kitu na kukitema. Hakuuza tena mpaka mwaka uliofuata.

Alipofungua, alinunua ndoo ya plastiki yenye bomba, akaiweka juu ya kigoda mbele ya meza, na sabuni imefungwa kwa uzi isiibiwe. Asiyenawa hauziwi. Mwaka 2020, yalipokuja maradhi mengine na ndoo za namna ile zikajaa kila mlango, yeye alisema tu kwamba yake ni ya zamani. Chatne huitengeneza kwa maji yaliyochemka, na vibakuli huvitia katika sufuria ya maji ya moto mbele ya macho ya mteja, jambo lililompunguzia wateja wenye haraka na kumzidishia wengine. Ana umri mkubwa sasa, anauza siku tatu kwa wiki.

Mwana wa fundi wa kofia nilimwendea mwezi uliopita. Anashona yeye sasa, katika kibanda kilekile. Nilimweleza yote, la karatasi na la isipokuwa. Aliendelea kupitisha sindano. Aliniuliza kama nililipwa, nikamtajia kiasi. Akasema ni kidogo. Kisha akaniambia kwamba kilichomsumbua miaka yote hii si karatasi, bali ni zile saa za usiku alizokaa akingoja giza lizidi ili ampeleke baba yake kambini bila ya kuonekana, na kwamba hakuna aliyeandika mahali popote kuwa asione haya. Sikuwa na la kumjibu. Nilikaa naye mpaka alasiri.

Aliyebaki ni mama mdogo. Makala haya yakichapishwa, kuna mtu atakayemsomea, na sipendi awe mwengine. Nimemwambia kwamba Ijumaa nina kitu cha kumsomea, na kwamba safari hii nitasoma kama kilivyoandikwa. Ameniuliza kama ni kirefu, maana atakuwa na mbatata motoni.